Siku Niliyoagiza Mboga

Nyinyi vijana mnaoshuka pale Garsen, mkanunua chipsi kwenye karatasi na soda ya chupa ya plastiki, halafu mkasema huku kwetu hakuna chakula, hebu ketini kidogo. Mimi nimepika. Nimepikia wasichana wa shule ya bweni hapa Garsen tangu siku ambazo sikujua hata kushika mwiko wa ugali wa watu wengi, mpaka mgongo ukakataa. Sasa nimestaafu, niko kwangu na kuku wangu na mkunde wangu nyuma ya nyumba. Jina langu ni Dama, lakini nikiitwa Dama sokoni sigeuki upesi. Nikiitwa Mama Jikoni nageuka, hata kama anaitwa mwingine.

Nina jambo la kuwaambia na kila nikilikumbuka siwezi kukaa kwenye kiti. Ni juu ya neno dogo tu, mboga, na jinsi neno hilo lilivyowabakisha wasichana shuleni wakati tayari walikuwa wanakunja magodoro. Lakini niacheni kwanza niwaingize jikoni, maana ukimwonyesha mtu chakula bila kumwonyesha jiko utakuwa umemficha nusu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kazungu, mpishi mkuu wa wakati ule, Mgiriama mwenzangu. Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kufunika sufuria. Ukiacha yako wazi utasikia kifuniko kimebamizwa nyuma yako na yeye ameshapita. Alifunika hata sufuria za walimu. Siku moja mwalimu mgeni alikuwa anajipakulia mchuzi, akageuka kuchukua sahani, kurudi akakuta sufuria imefunikwa na mwiko wake uko juu ya kifuniko. "Mvuke ni kuni," Mzee Kazungu akamwambia, akaenda zake. Mpaka leo mimi siwezi kuona sufuria inayochemka wazi nikanyamaza. Hata nyumba za watu zimeshanizoea.

Na kuni zenyewe alizitafutia akili. Zamani zilikuja kwa mkokoteni kutoka msitu wa mto, magogo mazuri, mti mkubwa kabisa umeanguka ili sisi tuchemshe chai. Mzee Kazungu akagoma. Akasema msitu wa mto una wenyewe, kuna nyuki mle na kuna nyani mle na kuna kivuli cha watu wa kijiji cha Hewani, lakini mathenge hauna mwenyewe. Mnaujua mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho ukafunga njia za ng'ombe. Unaukata, unachipua tena kama umetukanwa. Basi tukahamia kwenye mathenge, na kuni zake zinawaka vizuri kweli. Mimi nilichomwa na mwiba uliopita kandambili ukaingia kisiginoni, nikauita mti ule majina ambayo hayaandikiki. Lakini kila mathenge tuliochoma ulimfungulia ng'ombe wa mtu njia, na hilo lilinifurahisha hata nikichechemea.

Kisha ikaja enzi ya kabichi. Shule ikapata mtu wa kuleta chakula kwa lori kutoka bara, kabichi, maharagwe, nyanya, kila kitu kimefungwa tayari. Nami niwaambie ukweli, niliipenda kabichi. Kabichi haina maneno mengi. Huichambui jani kwa jani, huoshi tope, hupigwi na mwiba. Unaikata, unaimwaga, umemaliza. Wasichana waliiita karatasi. "Mathe, leo pia ni karatasi?" Nikawaambia kuleni karatasi mpate akili, mbona vitabu ni vya karatasi. Mzee Kazungu alipostaafu nikashika jiko mimi, na jiko langu lilikuwa jiko la kabichi asubuhi hadi jioni.

Halafu mto ukapanda.

Maji ya Tana, kwa wale msiojua, hayaji na mvua yetu. Mvua inanyesha huko bara, sisi huku tuna jua la kukausha nguo, na mto unavimba taratibu mpaka unatoka nje. Mwaka ule ulitoka vilivyo. Barabara ya Malindi ikazama, ya Hola ikazama, na lori la kabichi likakwama ng'ambo huko na kila kilichokuwa ndani kikaoza. Jikoni kwetu unga ulikuwepo, na mchele wa hapa hapa wa delta ulikuwa kwenye ghala la mjini. Kilichokwisha ni cha kulia ugali au wali. Maharagwe yalikuwa chini kabisa ya gunia, na nilipoyakung'uta zilitoka kokoto na mende mmoja.

Mkuu wa shule akaja jikoni mwenyewe. Alikuwa mtu mwema na siku ile alikuwa amekonda usoni. Akasema, "Mama Jikoni, mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni. Lakini siwezi kulisha watoto ugali mkavu halafu nikaiita hiyo shule. Mwisho wa wiki ukifika hatuna kitu, nawaruhusu waende makwao wakati mashua bado zinavusha."

Alipoondoka akaja Hawo dirishani. Hawo alikuwa kidato cha nne, binti mrefu, mchache wa maneno, kwao ni Bangale, kule juu kwa wafugaji. Alikuwa akija kuomba maji ya moto tu, tena kwa kuomba kweli, si kama wenzake. Siku ile hakuomba maji.

"Mama Jikoni, ni kweli shule inafungwa?"

"Sijui, mwanangu. Chakula ndicho kitasema."

"Mimi nikitoka hapa sirudi," akasema. "Barabara ya kwetu ikilowa gari inalala kwa matope wiki nzima. Wenzangu watakuwa wanaandika mtihani, mimi niko juu ya lori nangoja jua."

Nilimwambia maneno ya kumtuliza lakini yalikuwa maneno tu. Akaenda, na mimi nikabaki nimekasirika. Nilikasirikia mto, nikakasirikia lori, nikakasirikia hata mende wa gunia.

Aliyenitoa kwenye hasira ni Mwalimu Nyambura, aliyekuwa akisimamia bweni. Yeye ni mtu wa bara, mkali na mcheshi kwa pamoja. Alikuja kunywa chai, akanisikiliza nikilalamika, kisha akauliza swali. "Lakini mama, hawa watu wa vijijini wanakula nini sasa hivi? Si barabara yao pia imefungwa?"

Wanakula nini? Kwa kweli nilikuwa sijawahi kujiuliza, mimi niliyezaliwa huku huku. Mwalimu akasema tuwaulize, na mkuu akakubali kwamba atakayeleta atalipwa vile vile anavyolipwa mwenye lori. Nikachukua simu nikawarekodia watu watatu ujumbe wa sauti. Wa kwanza Rehema, mama wa Kipokomo kutoka Hewani ambaye tulizoeana sokoni. Wa pili Fatuma, mama wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa mjini. Wa tatu Kache, wifi yangu, mkulima. Nikasema kwa sauti yangu hii: "Shule inataka mboga. Mboga yoyote mliyo nayo, leteni Jumamosi asubuhi, kwa wingi." Nikaona nimesema vizuri kabisa.

Jumamosi asubuhi nikapanga mabeseni matatu ya kuoshea majani, nikakunja kanga kiunoni, nikangoja.

Rehema alitokea upande wa maji, yeye na wanawe, wanaburuta mtumbwi mpaka karibu na ua wa shule. Ndani ya mtumbwi, kambare. Kambare juu ya kambare, wengine bado wanapiga mikia. Kabla sijasema neno, Fatuma naye akaingia langoni na wenzake na punda, na juu ya punda madumu na vibuyu vya maziwa. Mwisho akaja Kache na jirani zake, vichwani wana matita ya mchunga, yale majani machungu ya porini, na mchicha, na majani ya kunde. Nikamkimbilia Kache, nikawapa wale wengine mgongo.

"Jamani," nikasema, "mimi niliomba mboga."

"Na hii ni nini, Mama Dama?" Rehema akauliza, ameshika kambare kwa shingo. "Kwetu mtu akikosa mboga anaenda mtoni. Nimeenda mtoni."

Fatuma akashusha dumu. "Wewe nasema leta mboga, mimi naleta mboga. Ugali nakula na nini, si maziwa? Hii majani ni ya mbuzi."

"Ya mbuzi?" Kache akashika kiuno. "Wifi, umesikia mimi nimebeba chakula cha mbuzi toka alfajiri?"

"Mimi natoka na punda toka alfajiri pia," Fatuma akajibu, "na punda nabaki na njaa sababu ya maziwa yako."

Sasa ikawa kelele, kila mmoja anaelekeza kidole kwenye mzigo wake na kusema mboga, mboga, mboga. Mimi nimesimama katikati na mabeseni yangu. Mwalimu Nyambura alikuwa amekuja kuona, akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani," akasema. "Na mimi nilikuwa nangoja sukuma wiki."

Fatuma ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya dumu, Rehema akafuata, na Kache ambaye alikuwa bado amenuna akajaribu kujizuia akashindwa. Tulicheka mpaka wasichana wakatoka bwenini kutazama. Mnaona kilichotokea? Mboga ni kile unacholia tonge, basi, na kila mmoja wetu alikuwa ameangalia ndani ya sufuria ya kwao.

Hapo ndipo liliponijia jambo ambalo nilitaka kulipigia kengele ya shule. Sisi tulikuwa tunalia njaa kwa sababu ya mafuriko, na mizigo yote ile ilikuwa imeletwa na mafuriko. Mto ukitoka nje, kambare wanatandaa mpaka mabondeni, unawaokota. Maji yalipogusa mbuga majani yaliota, ng'ombe wakashiba, maziwa yakajaa. Mchunga haujapandwa na mtu, unachipua wenyewe ukionja maji. Mashamba ya chini ya Kache yalikuwa yamezama, mahindi yote yameenda, na hilo lilimuuma. Lakini palipozama kimoja palikuwa pameinuka kingine, nami nilikuwa nimekaa nangoja kabichi ivuke maji.

Tukaingia kazini. Kambare ana utelezi na harufu ya tope, asikudanganye mtu kwamba maji yanatosha. Rehema alinionyesha kumsugua kwa jivu mpaka ngozi ikwaruze mkono, kumwosha, kisha kumlaza kwenye maji ya ukwaju. Nyanya hazikuwepo, na ukwaju ukafanya kazi ya nyanya bila kulalamika. Mchunga tuliuchemsha tukamwaga maji ya kwanza, tukauchanganya na majani ya kunde ili uchungu upungue. Nikatafuta nazi. Nazi zilikuwa ng'ambo ya maji pamoja na lori. Nikatazama huku na huku, nikaona dumu la Fatuma, nikasema potelea mbali, nikamimina maziwa kwenye mchunga. Kache akaonja, akaonja tena. Fatuma naye akaonja yale majani ya mbuzi.

"Sasa nakuwa mboga," akasema.

Mwalimu Nyambura alishikilia neno moja tu, maziwa ya watoto yachemshwe. Fatuma hakubisha. "Chemsha, mimi sikatazi. Lakini kibuyu yangu usioshe na sabuni."

Saa ya kula ilipofika, mkuu alisimama karibu na dirisha na sahani yake. Wasichana wa mtoni walijipanga mbele ya kambare kama kuna harusi. Hawo na wenzake wa kwa wafugaji wakarudi nyuma. "Hiyo inatembea kama nyoka," akaninong'oneza, na mimi sikumlazimisha, nikampa wali na maziwa na kijiko cha mchunga pembeni. Akaula mchunga kwa tahadhari, halafu hakuuacha.

Mkuu alimaliza sahani. Akauliza, "Hii inaweza kupatikana kesho? Na wiki ijayo?"

Nikamwambia awaulize wenyewe. Rehema akasema mto haujafunga duka. Fatuma akasema ng'ombe hapandi lori. Kache akasema yeye akichoka kuchuma mchunga, mchunga hautachoka kuota.

"Basi hakuna anayeondoka," mkuu akasema, akarudisha sahani.

Hawo alikuwa amekaa mahali pa kusikia. Hakuruka wala hakupiga kelele kama wenzake. Alikuja dirishani na sahani tupu akasema, "Mama Jikoni, niongeze." Nikamwongeza mpaka ikamwagika, na macho yangu yakajaa maji, nikasingizia moshi.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Kesho yake niliharibu maziwa. Niliyachemsha vizuri, nikayaacha yapoe, nikayaweka kwenye ndoo ya plastiki ili yagande. Hawo akanusa tu. "Mama, haya yananuka ndoo." Yalikuwa yananuka ndoo, kweli. Basi Fatuma alipokuja, yeye na Hawo wakanikalisha chini. Unachukua kijiti kinachowaka cha mti wao wanaoujua, unakitia ndani ya kibuyu, unafunika, unatikisa, moshi unashika kuta zote. Unakung'uta makaa, unapangusa kwa kibrashi cha nyuzi za mkoma. Ndipo unatia maziwa yaliyochemshwa na kupoa, na mabaki kidogo ya maziwa yaliyoganda jana. Yanaganda taratibu, yanakuwa na harufu ya moshi, na yanakaa siku nyingi bila friji na bila umeme. Mimi niliyekuwa nikimwaga maziwa yakichacha nilikunywa kikombe, nikaomba kingine. Tulipika hivyo mpaka mtihani wa mwisho. Kila asubuhi niliuliza swali moja tu, leo mto una nini na mbuga ina nini, na jibu likaamua sufuria.

Hawo aliandika mtihani wote. Siku ya mwisho alipita jikoni na sanduku lake kuniaga, na barabara ilikuwa imekauka.

Kabichi ilirudi, ndiyo. Sina ugomvi nayo. Lakini ilikuta jikoni kuna wenyewe. Rehema aliendelea kuleta samaki msimu wake, Fatuma maziwa, Kache majani, na lori likawa linaleta tu kile ambacho Tana haikuwa nacho wiki ile. Maganda tuliwapa mbuzi wa shule, majivu ya mathenge yakasugulia kambare na kufukuza wadudu kwenye mchicha, na sufuria zote zikafunikwa. Mzee Kazungu alikuja siku moja kututembelea, akazunguka jikoni akitafuta iliyo wazi. Alikosa. Alionekana kuumia kidogo.

Ndiyo maana nawasumbua. Mimi siwaambii muache chipsi. Ninachowaambia ni kwamba kabla hujasema hakuna, uliza jirani yako anakula nini leo. Nenda sokoni na kikapu chako, si mfuko wa kutupa, na umuulize mama anayeuza, hii imetoka wapi. Akisema imetoka Wenje au Hewani au shambani kwake, nunua, halafu muulize inavyopikwa, utaona anavyosogeza kiti. Embe likiwa msimu kula embe mpaka ushike tumbo, likiisha liache liende, litarudi. Na mkipika, jamani, funikeni sufuria.

Juzi juzi simu yangu iliita. Ni Hawo. Siku hizi ni muuguzi huko huko kwao Bangale, na sauti yake imeongezeka maneno. Akasema, "Mama Jikoni, nimekutumia mboga. Iko kwa gari ya Hola, uende stendi."

Nikachukua kikapu changu, nikaenda nikijiuliza ni majani gani yanaota Bangale yakafika huku bila kunyauka. Utingo akashuka, akanipa kibuyu kilichofungwa vizuri kwa kamba ya ngozi. Nilisimama pale stendi nikakinusa, moshi na maziwa, nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Kilikuwa kimepita barabara ile ile aliyoiogopa Hawo.

Nikarudi nyumbani, nikasonga ugali. Hawo akapiga tena kuuliza kama kimefika salama na kama nimeshakula.

"Nimekula," nikamwambia.

"Na nini?"

"Na mboga."